Bibi Mboni Alipolala Mferejini

Paukwa!

Pakawa.

Hao waliojibu ni wa mbele tu. Nyinyi wa nyuma mmeshaanza kusinzia? Sogeeni karibu, na huyo mdogo nipeni nimpakate. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Zamani, zamani za kale hasa, palikuwa na kijiji. Juu mlima, chini kijiji, na katikati kinamasi. Kinamasi kikubwa chenye mafunjo marefu kumzidi mtu. Ukikanyaga, mguu unazama, chubwi. Ukiutoa, unalia, fyoo. Na vyura wake walianza kuimba tangu alasiri, kwaa, kwaa, kwaa, mpaka mtu akitaka kumwomba mkewe chumvi inabidi apaze sauti, na mke anadhani anagombezwa.

Masika yakija, maji yalishuka mlimani yanakimbia. Yamebeba mawe, yamebeba magogo, guru, guru, guru. Yanafika kinamasini. Kinamasi kinameza. Gubu, gubu, gubu. Halafu huku chini, kwenye kisima cha kijiji, maji yanatoka kidogo kidogo, safi, baridi, hayana haraka. Watoto wa kijiji walikuwa wakiyaimbia wakienda kuchota:

Yanaingia mbio,
yanatoka kwa mwendo wa bibi harusi.

Basi katika kijiji hicho alikuwepo Bibi Mboni. Alikuwa mfupi, mgongo umepinda kidogo, jino limebaki moja mbele na analionyesha bila aibu. Yeye hakuzaliwa pale. Alikuja kuolewa kutoka ng'ambo ya mlima, na watu wa ng'ambo ya mlima ni watani wa kijiji kile tangu enzi na enzi. Mnajua mtani alivyo. Mtani hakasirikiwi. Atakuambia una pua kama kata ya maji, nawe utacheka.

Na mtu akifa, ndugu wanalia, mtani anatania. Kaburi likishachimbwa, mtani anashuka ndani, analala chali, anasema, "Hapa ni kwangu, huyo mzikeni kwingine." Hatolewi kwa nguvu, ni mwiko. Anaombwa, anabembelezwa, anapewa anachotaka, ndipo anatoka.

Pale kijijini, aliyekuwa akilala makaburini miaka yote ni Bibi Mboni. Jumbe wa kijiji, Mindu, alipofiwa na baba yake, Bibi alilala kaburini akataka apewe bakora ya marehemu. Wakampa. Hakutoka. Akataka jogoo. Wakampa. Hakutoka. Akasema, "Marehemu alikuwa akikoroma mpaka mbuzi wangu wanakosa maziwa, sasa huko aendako watu watalala saa ngapi?" Mindu, ambaye alikuwa hajala wala kusema neno, akacheka huku machozi yanamtoka. Papo hapo Bibi akajikung'uta udongo, akatoka. Bakora akaiacha. Jogoo akamwacha. Alikuwa akingojea kicheko kile tu.

Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka. Alikata mafunjo kinamasini, akayaanika, akasuka. Na mtoto yeyote akizaliwa, kabla kitovu hakijadondoka, Bibi Mboni alikuwa ameshafika na mkeka mdogo kwapani. Mkeka ulikuwa mrefu kidogo kumzidi mtoto. Mama akiuliza mbona umezidi, Bibi alisema, "Hiyo ni nafasi ya kukulia."

Sasa palikuwa na kijana, jina lake Mkude. Mkewe aliitwa Semeni. Walikuwa na mabinti pacha, na Semeni alikuwa mjamzito tena. Shamba la Mkude lilikuwa ubavuni mwa mlima, mawe matupu. Akilima, jembe linalia, ng'a, ng'a, ng'a. Mahindi yake yalikuwa kama kidole gumba. Jioni Semeni aliwapa watoto uji, akampa mumewe, akasema yeye ameshakunywa. Hakuwa amekunywa. Bibi Mboni alikuwa akipita hapo na muhogo wa kuchemsha, akiuweka mlangoni. "Umenishinda kutafuna huu," anasema. "Nisaidieni, usije ukaharibika." Muhogo wenyewe ulikuwa laini kama ugali.

Siku moja Mkude akaenda kwa Jumbe.

"Baba Jumbe, udongo mweusi umekaa chini ya maji bure. Vyura wanaulalia, mimi nalalia njaa."

"Unataka nini, Mkude?"

"Kona moja tu ya kinamasi. Nichimbe mfereji, maji yatoke, nipande mahindi."

Jumbe Mindu akamtazama, akaona mbavu zake. Akasema, "Chimba."

Mkude akachimba. Tu, tu, tu. Maji yakatoka. Akafyeka mafunjo, akapanda. Jamani, mahindi yaliota. Hindi moja kama mkono wa mtu mzima, kuanzia kiwikoni. Kijiji kizima kikaja kuchoma mahindi kwa Mkude. Bibi Mboni naye alikuja, Semeni akampukuchulia, akamtwangia, akala akalamba vidole.

"Kumbe vyura walikuwa wanatuficha," akasema.

Semeni akazaa mtoto wa kiume. Safari hii uji ulijaa sufuria nzima, na yeye akanywa wa kwanza.

Basi kila mtu akataka kona yake. Huyu kapewa, na yule kapewa. Tu, tu, tu huku. Tu, tu, tu kule. Mafunjo yakarudi nyuma, yakarudi nyuma, yakabaki katikati kama nywele za mtu mwenye upara.

Kiangazi kilipofika, kisima kikapungua. Ukitumbukiza kata, inagonga mchanga, kwaru. Maji yakawa mekundu, yana harufu ya tope. Sasa pale kijijini kulikuwa na mwiko: chungu chenye masizi hakichovywi kisimani, kwa maana kisima kinasusa. Wakasema, basi, kuna aliyechovya chungu cha masizi. Wakakagua vyungu nyumba hata nyumba, wakavigeuza chini juu. Wakamnunia mke wa huyu, wakamsema mama wa yule. Wakafagia kisima, wakakinyunyizia unga, wakakiomba radhi. Kisima kikabaki vile vile.

Bibi Mboni hakukagua chungu cha mtu. Alikuwa akipanda kinamasini kutafuta mafunjo, anarudi na kibunda kidogo, kesho yake kidogo zaidi. Akasimama kisimani, akachungulia. Akapanda tena juu, akachungulia. 

Lakini mtoto wa Semeni, ingawa kwa kuchelewa, alipewa mkeka wake. Semeni alipoupokea aliushika vizuri, akaona haukuwa wa kijani kama mikeka mipya. Ulikuwa wa kahawia, laini, umelainishwa na mwili wa mtu. Hata hivyo urefu ulizidi kidogo, nafasi ya kukulia ilikuwepo. Asubuhi moja akampelekea Bibi uji. Bibi hayupo. Semeni akaingia ndani kuweka kibuyu, akaona kitanda. Kamba tupu. Bibi alikuwa amefumua mkeka wake wa kulalia, akausuka upya kwa ajili ya mtoto. Semeni akaweka kibuyu chini, akatoka, akalia nyuma ya nyumba pale. Hakumwambia mtu, maana aliona mtu akikupa kitu kwa siri usimwanike.

Jumbe Mindu akaita mkutano. Akasema, "Kona zimetulisha. Tukikausha kinamasi chote kabla ya masika, kila nyumba itapata shamba la udongo mweusi. Tutachimba mfereji mkubwa katikati. Mkude ndiye aliyeanza, Mkude ataongoza."

Watu wakafurahi. Mkude akafurahi kuliko wote, kwa sababu kona yake ilikuwa ndogo na watoto sasa walikuwa watatu.

Wakachimba kutoka chini kwenda juu. Tu, tu, tu. Mfereji mrefu, mwembamba, unamfika mtu kifuani. Wakabakisha ukingo wa mwisho, ukuta wa udongo kati ya mfereji na maji. Wakasema, tutaubomoa kesho asubuhi watu wote wakiwepo.

Asubuhi wakafika na majembe. Wakamkuta Bibi Mboni mferejini. Amelala chali, kilemba amekikunja chini ya kichwa, macho ameyafumba.

"Bibi," akasema Mkude, "toka, tunataka kufanya kazi."

"Kazi gani? Mimi nimekuja msibani."

"Msiba wa nani?"

"Bado hajafa. Nyinyi ndio mnammalizia sasa hivi. Nimewahi nafasi."

Watu wakacheka. Jumbe akasogea ukingoni. "Bibi Mboni, huu ni mfereji, si kaburi."

"Mmechimba shimo refu, mmechimba jembamba, mmesimama pembeni na majembe mmenuna," akasema Bibi. "Mimi nikiona hivyo huwa nalala."

Wakamtazama Jumbe, Jumbe akatazama chini. Mtani ameshalala. Kumtoa kwa nguvu ni mwiko. Mkude akachuchumaa, akajilazimisha kutabasamu.

"Haya, mtani wangu. Tukupe nini utoke? Kuku?"

"Kuku nitamtafuna na nini?"

"Kanga mpya?"

"Ya kumpendezea nani?"

"Basi sema mwenyewe."

Bibi akafumbua jicho moja. "Nataka kidogo tu. Kila mmoja aniletee alichopewa na marehemu. Mkimaliza kuleta, natoka, mnachimba, mimi naenda zangu."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Wakaelewa marehemu ni kinamasi, wakaona rahisi. Wakakimbia nyumbani, wakarudi wamebeba. Mikeka, vikapu, ungo, milango ya matete. Mwingine kaleta kambare wa kukausha, mwingine chungu kwa kuwa udongo wake ulitoka pale. Mzee Kibena akaleta mkeka wake umetoboka katikati, watu wakamwuliza huwa analala kwenye mkeka au kwenye tundu. Rundo likapanda, likapanda. Mtu mmoja akang'oa matete ya paa la jiko lake, mkewe akamfuata nyuma anamwuliza mvua ikinyesha atapikia wapi.

"Tumemaliza, Bibi. Toka."

"Maji je?"

Wakaleta mtungi wa maji, yale mekundu.

"Haya ni ya leo," akasema Bibi. "Yale mliyooshewa siku mliyozaliwa? Yale mliyompa mgeni akasema hajapata kunywa maji matamu hivi? Leteni na hayo."

Wakaguna. Jumbe akasema, "Bibi, hayo yamekwisha kunywewa."

"Sawa, nayasamehe. Sasa leteni mafuriko."

"Mafuriko gani? Kijiji hiki hakijawahi kupata mafuriko tangu babu zetu."

"Ndiyo hayo hayo," akasema Bibi Mboni. "Nileteeni hayo ambayo hamjayapata."

 Vyura waliobaki kinamasini walikuwa wachache. Watu wakageuka, wakautazama mlima. Wakautazama mfereji. Wakaufuata kwa macho kutoka juu hadi chini, wakaona unakoelekea. Ulielekea milangoni mwao.

Bibi akasema, sasa kwa sauti ya kawaida, bila utani, "Kwetu ng'ambo ya mlima tulikuwa na kinamasi. Nilikuwa mdogo. Wakakikausha, wakapanda migomba, tukala ndizi mpaka tukazichoka. Kisha kisima kikapungua, tukasema kuna aliyekikosea adabu. Kisha likaja masika moja. Nyumba ya mama yangu ilipita mbele yetu tukiwa tumesimama juu ya jiwe, na kuku juu ya paa. Hakuna aliyetuambia sababu. Nimekuja kuijua juzi, niliposimama kwenye kisima chenu nikasikia kata inagonga mchanga, kwaru, kama kwetu. Na mimi nilikula mahindi yale ya Mkude. Yalikuwa matamu. Sisemi hayakuwa matamu."

Mkude akasimama. Akasahau kwamba mtani hakasirikiwi.

"Na wanangu, Bibi? Watakula mikeka? Watu wengi hapa wana mashamba. Mimi nina mawe. Ukinifungia huku, nirudi kwenye mawe nikawaambie nini wale watoto?"

Hapo Bibi Mboni akainuka, akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza mtani kuinuka kabla ya kupewa kitu.

"Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, mjukuu wangu," akasema. "Una haki ya kuuliza. Shamba langu lile la nyuma ya nyumba, aliloniachia mume wangu, udongo wake mzuri. Lichukue. Mimi nina jino moja, nalima kwa ajili ya nani? Nibakizie kona ya mchicha. Na halikutoshi, najua." Akamgeukia Jumbe. "Mindu, wewe una lile pori umelizungushia uzio tangu baba yako yu hai. Ndani yake hulimi, hufugi, unalitazama tu. Au unangoja lizae?"

Watu wakaangua kicheko. Jumbe akakohoa. Mtani ni mtani. Akasema, "Nusu yake ni ya Mkude. Na nusu, wale wengine wa kule kwenye mawe."

 Mkude alikuwa bado ameshika jembe, na ukuta wa udongo ulikuwa mbele yake, pigo moja tu.

Ndipo Semeni akasogea, mtoto mgongoni, mkeka mdogo mkononi. Alikuwa hajauweka kwenye rundo.

"Bibi," akasema, "umeomba tulete tulichopewa na kinamasi. Huu sikupewa na kinamasi. Huu ni wako. Kitanda chako ni kamba tupu, nilikiona. Mwanangu ndiye analalia mkeka wako."

Bibi akamwambia pole pole, "Semeni, hayo ulikuwa unayasemea nini mbele za watu?"

"Nisamehe, Bibi. Nimeshindwa kuyanyamazia."

Mkude akauchukua ule mkeka. Alikuwa ameuona kila siku na hakuwahi kuutazama. Akaupapasa, akaona pale ulipolainika. Akaona na ile nafasi iliyozidi. Akamrudishia mkewe, akashika jembe, akashuka. Watu wakadhani anakwenda kubomoa ukuta. Akaupita ukuta. Akaenda chini kabisa ulikoanzia mfereji, akaanza kufukia. Tu. Tu. Tu.

Mmoja akamfuata, na mwingine, na Jumbe mwenyewe akavua kanzu. Tu, tu, tu, wanapanda, wanafukia.

"Jamani," akaita Bibi Mboni kutoka ndani, "ningojeni nitoke kwanza, msinizike bado nina uji jikoni."

Wakamwinua wakicheka. Mifereji yote wakaiziba, isipokuwa ule mdogo wa pembeni kabisa, wa kona ya Mkude. Pale pakawa mahali pa mboga za kiangazi, kila mama na tuta lake.

Masika yakaja. Na yalikuja masika ambayo hawajapata kuyaona. Guru, guru, guru, mlima mzima unanguruma. Watu wakasimama milangoni, watoto mgongoni, vyombo vimefungwa. Wanasikiliza. Guru, guru. Kisha wakasikia: gubu. Gubu, gubu, gubu. Kinameza. Maji yakajaa mpaka ukingoni, yakatikisika hapo, yakakaa. Na huku chini yakaanza kutoka kidogo kidogo, kwa mwendo ule ule wa bibi harusi. Hakuna nyumba iliyoondoka. Hakuna kuku aliyepanda juu ya paa.

Kisima hakikurudi siku hiyo. Kilirudi taratibu, kama mtu aliyesusa chakula anavyorudi, leo anachungulia, kesho anakaa mlangoni, keshokutwa ananawa. Na mafunjo nayo yakaota. Ya kwanza kabisa aliyakata Semeni. Akasuka mkeka, akampelekea Bibi Mboni.

Bibi akautandika juu ya kamba. "Mbona mrefu hivi? Umezidi."

"Nafasi ya kukulia, Bibi."

"Mimi nimeshamaliza kukua, mwanangu, sasa nakwenda chini."

"Basi ni ya kujinyoosha."

Akajinyoosha juu yake miaka mingi. Mkude akalima shamba lile, na kila alipovuna, kapu la kwanza lilipelekwa kwa Bibi, limeshapukuchuliwa, limeshatwangwa.

Halafu, kama wote tunavyokwenda, Bibi Mboni akaenda. Wakamviringisha ndani ya mkeka wa Semeni, ukamtosha vizuri, ukazidi kidogo. Kaburi likachimbwa. Watu wakasimama pembeni na majembe. Wakangoja. Wakatazamana. Hakuna aliyeshuka kaburini, maana aliyekuwa akishuka ndiye waliyemleta.

Ndipo Mkude, sasa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, akavua viatu. Akashuka. Akalala chali, mkubwa vile, miguu haikutosha ikabidi aikunje.

"Hapa ni kwangu," akasema. "Huyo bibi mwenye jino moja mzikeni kwingine."

Jumbe Mindu, mzee sasa, akaegemea bakora ya baba yake. "Mtani wetu, tukupe nini utoke?"

"Nataka kidogo tu. Nileteeni alichonipa."

"Shamba liko pale," akasema Jumbe. "Tukupe na nini tena?"

"Nileteeni njaa ambayo wanangu hawakuipata."

 Mkude akabaki amelala, anautazama udongo wa pembeni. Semeni alikuwa akilia mbele ya wote. Akamwangalia mumewe mle ndani, magoti yamemfika kidevuni kama chura aliyelala chali, akajaribu kujizuia, akashindwa. Akacheka. Wanawe wakacheka. Jumbe akacheka. Watu wote wakacheka huku wanafuta machozi, na kule juu kinamasini vyura wakaanza, kwaa, kwaa, kwaa.

Mkude akajikung'uta udongo, akatoka.

Haya, wanangu. Kabla hujaigeuza ardhi kuwa kitu kingine, ikumbuke kwanza kwa yale inayokupa na kwa yale inayokukinga nayo, maana hayo ya pili huyaoni mpaka yakufikie mlangoni. Na ukimwambia mwenzako asilime hapa, mwonyeshe atalima wapi.

Hadithi yangu imekunja mkeka wake hapo. Huyu mdogo ameshalala, naomba mmoja anipokee, polepole asiamke.